Mjadala: Chopa ikigonga nyaya za stima siku ya mvua, lawama ni ya nani?

Ndugu zangu, leo nataka tujadili hii kitu bila kuingiza vyama. Kila chopa ikigonga nyaya za stima siku ya mvua jibu huja haraka, "hali mbaya ya anga", basi, tunazika, tunasahau. Mimi hilo jibu nalikataa. Nitasema kwa nini, na anayepinga alete hoja yake.

Tuanze na mvua yenyewe. Marubani wengi wa chopa huruka kwa macho, lazima waone chini. Mawingu yakishuka rubani naye anashuka, anataka abaki chini ya wingu asipotelewe na ile barabara au mto anaoufuata, na akishashuka hivyo ndio anajikuta yuko kimo kimoja na nyaya. Kwa hivyo mvua imemsukuma tu, kilichomngoja pale chini ni waya tuliotandaza sisi na hatukuuweka alama. Na waya ukikaa nje miaka kadhaa unaisha mng'aro, unakuwa wa kijivu, mawingu nayo ya kijivu, kioo kimejaa matone, sasa utauona saa ngapi? Chopa ikienda kilomita 200 kwa saa inakata mita 55 kila sekunde. Ukiuona waya ukiwa mita 100 mbele, una sekunde mbili na hazijatimia. Ndio maana marubani hufunzwa kutafuta nguzo kwanza, na wavukie juu ya nguzo, kwa sababu nguzo angalau inaonekana na unajua inaishia wapi. Tena kwa zile nguzo kubwa za chuma kuna waya mwembamba juu kabisa, wa kukinga radi. Rubani anaona zile nyaya nene, ananyanyua aziruke, anaingia kwa ule mwembamba.

Wenye kusema hii ni shida ya nchi maskini wakumbuke California, tarehe 25 Oktoba 1991. Bill Graham, yule promota mkubwa wa muziki wa roki, alitoka kwenye tamasha Concord usiku na chopa aina ya Bell JetRanger, mvua na upepo, ikagonga mnara wa nyaya za stima karibu na Vallejo, mnara wa kama mita 68. Wakafa wote watatu, yeye, mwenzake na rubani. Mabaki yalibaki yananing'inia kwenye ule mnara. Pesa ilikuwepo, rubani alikuwepo, na bado wakapaa.

Hapa kwetu Kenya tunayo Busia, tarehe 24 Januari 2003. Ile ilikuwa ndege, sio chopa, lakini somo ni lile lile. Mawaziri wa NARC, ule muungano wa vyama uliokuwa umeshinda uchaguzi, serikali haijamaliza hata mwezi, wametoka kwenye sherehe ya kumkaribisha waziri mwenzao Moody Awori nyumbani, ndege inapaa inagonga nyaya za stima, inaangukia nyumba. Waziri wa Leba Ahmed Khalif akafa pamoja na marubani. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo wakaumia. Ni zaidi ya miaka 20 sasa.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mazishi fulani huku kwetu milimani, mheshimiwa akaja na chopa kutua uwanja wa shule ya msingi. Kuna waya unatoka kwa transfoma pale kona unavuka mpaka kwa posho mill, na nyuma yake kuna mikaratusi, kwa hivyo kutoka juu waya unamezwa na ile miti. Chopa ikazunguka mara mbili. Kilichosaidia ni kijana wa boda boda aliyepanda akasimama juu ya kiti cha pikipiki yake chini ya waya, akawa anapunga leso nyekundu. Leso ya mama mmoja wa mazishi! Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Wakati wa kuondoka manyunyu yameanza, wingu limekaa juu ya mlima, rubani amesimama anaangalia juu, na msaidizi wa mheshimiwa yuko kando yake anamwonyesha saa, eti kuna mkutano mwingine saa tisa. Wakapaa. Hakuna kilichotokea, na hapo ndipo naogopa zaidi, kwa sababu ukifika salama unaona ulikuwa sawa, kesho unarudia.

Najua mtaniambia rubani ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kwa sheria ni kweli. Lakini mwenye kulipa saa za chopa ameketi nyuma yake na anaweza kutafuta rubani mwingine wiki ijayo, hapo kauli inabaki kwenye karatasi. Wengine mtasema chopa zifungwe vile visu vya kukata waya. Vizuri, vifungwe, lakini vinasaidia ikiwa waya umekuja kwa mbele. Ukishika panga za juu au mkia, visu haviwezi kitu.

Na gharama ya kuweka alama? Ile mipira ya rangi inayofungwa kwenye waya ili uonekane inajulikana, kanuni za kimataifa zinataka iwe na upana wa angalau sentimita 60, na ya saizi hiyo ipishane mita 30. Waya wa kuvuka uwanja wa shule ni mipira mitatu minne. Sijasema nchi nzima. Nimesema viwanja ambavyo chopa hutua kila msimu wa kampeni na mazishi, mabonde, na karibu na viwanja vya ndege vidogo. Tangu mradi wa Last Mile uanze 2015 stima imefika vijijini, jambo zuri sana, ila rubani aliyetua mahali miaka mitano iliyopita pakiwa peupe leo atakuta nguzo sita.

Kwa hivyo kabla hujaandika "ni mvua tu", toka nje uangalie uwanja wa shule ulio karibu nawe, hesabu nyaya zinazouvuka, halafu utuambie umeona mipira mingapi.