Wakuu, mashine pepe yangu imekuwa nzito, nisaidieni kabla giza halijarudi

Mgebuka_wa_C: Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma. Nimeandika kilugha changu cha hesabu pamoja na mashine pepe yake (programu inayokiendesha), kwa lugha ya C, inatembea kwenye simu za bei nafuu. Programu inaweza kusimama katikati, ikasubiri mtu ajibu, kisha ikaendelea pale pale ilipoishia. Kontinyuesheni, yaani huo mwendelezo uliosimamishwa, nauhifadhi kwa kunakili steki nzima (rundo la funksheni zilizo katikati ya kazi) kwenda kwenye hipu (kumbukumbu ya vitu vya kudumu zaidi). Jibu likija nairudisha steki ilivyokuwa. Hitilafu nazidaka kwa setjmp na longjmp (ya kwanza inaweka alama, ya pili inarukia pale penye alama), kila "jaribu", yaani sehemu inayoweza kukosea, na setjmp yake. Asubuhi inakimbia vizuri, jioni simu inachemka na kila kitu kinajikokota. Nifanyeje ipate kasi? Nimebakiwa na siku tano. Naomba ushauri wa kiufundi tu, wiki nzima silali.

Kibirizi_Dijitali: Mkuu, achana na lugha yako, hamia Python. Mimi nilipoteza miezi minane naandika mfumo wa tiketi za boti kutoka sifuri. Siku naenda kuuonyesha, mwenye boti akaniambia mwanawe ameshamtengenezea kwenye jedwali la simu na linamtosha. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Mama_Mawese: Nimeona mgebuka nikadhani tunaongelea kitoweo 😂 Dagaa pale Mwanga bei gani leo?

fremu_huru: Mkuu, setjmp kwa kila "jaribu" ni kulipa kodi hata siku ambayo hakuna kosa. Lugha ya Java tangu mwanzo inatumia jedwali: kila funksheni ina orodha inayosema kuanzia baitikodi (amri ya mashine pepe) hii hadi ile, kosa likitokea rukia pale. Kuingia kwenye "jaribu" hakugharimu kitu, gharama inakuja siku kosa linaporushwa, na hizo ni siku chache. Python nayo ilihamia kwenye jedwali toleo la 3.11, mwaka 2022.
Lakini jedwali halielezi kwa nini jioni ndiyo inachoka. Mwendelezo ukishaendelezwa, ile nakala unaifuta?

Mgebuka_wa_C: Ahsante mkuu. Siifuti. Naiacha makusudi, mtandao ukikata niweze kuirudia.

Mzee_wa_Reli: Mdogo wangu, mimi niko Tabora. Enzi za ujana nilishika daftari la chama cha wafuga nyuki, na daftari lile lilinifundisha kwamba namba ikirudiwa mahali pawili, kuna mtu anaumia mahali fulani. Sijui C, ila ulivyosema "kuirudia" nimeshtuka.

fremu_huru: Hata mimi nimeshtuka, mzee. Mgebuka, funguka. Programu inahesabu nini, nani anaitumia, na siku tano ni za nini?

Mgebuka_wa_C: Haya. Ni mgao wa dagaa. Kila mtumbwi una makubaliano yake: mafuta na chakula vinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi, na kila tajiri ana kanuni zake. Ndiyo maana nikatunga lugha, nisiandike programu upya kwa kila tajiri. Hesabu inasimama kumsubiri karani athibitishe uzito, kisha inaendelea.
Mitumbwi sita inaitumia tangu mwezi uliopita. Sasa ni mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, watu wanashona nyavu. Giza likirudi wanaingia ziwani, ndizo hizo siku tano. Mara mbili nimekuta mafuta yamekatwa mara mbili na wavuvi wamepata pungufu. Ila hilo ni suala tofauti, nitalimaliza. Nimeshaanza kuandika upya ili kila fremu (kumbukumbu ya mwito mmoja wa funksheni) ikae kwenye hipu tangu inapozaliwa, nusu iko tayari. Sitaki kurudi nyuma.

Mama_Mawese: Natoa utani wangu. Baba yangu alikuwa mvuvi. Mtu amekesha ziwani na baridi ile, asubuhi anapewa pungufu, na aliyemkata ni programu asiyoweza kuihoji! Rudisha hela za watu kwanza, kasi baadaye.

Sina_Haraka: Hii ni chai. Mwalo gani karani anathibitisha uzito kwa kontinyuesheni? Huyu ni mwanafunzi, kapewa kazi ya darasani, kaipaka mafuta ya dagaa ili mumfanyie.

Kibirizi_Dijitali: Hata mimi nilianza kuhisi harufu ya majani ya chai.

Mgebuka_wa_C: Ndugu, nikueleze nilichokiona kwa macho. Karani anasimama kwenye mchanga, vidole vimelowa na vina mafuta ya samaki, kioo hakisikii. Anabonyeza "Thibitisha", kimya. Anafuta kidole kwenye suruali, anabonyeza tena. Mtandao ukirudi ujumbe wote wawili unaingia. Tarehe ile kwenye kumbukumbu kuna mstari "mafuta lita 40", na chini yake tena "mafuta lita 40", zimepishana sekunde tatu. Darasani hakuna swali la namna hiyo.

Sina_Haraka: Sawa. Hiyo sekunde tatu imenishinda. Samahani.

fremu_huru: Mkuu, rudia kusoma ulichoandika, majibu yako yote mawili yamo humo. Ujumbe wa kwanza unaendeleza mwendelezo, mafuta yanakatwa. Ujumbe wa pili unakuta nakala ile ile bado ipo, unaiendeleza tena. Steki inarudi ilivyokuwa, lakini mgao wenyewe uko kwenye hipu na hakuna aliyeurudisha, kwa hiyo unakatwa juu ya uliokwisha kukatwa. Na nakala hizo hizo usizozifuta ndizo zinazojaza simu hadi jioni. Ni ugonjwa mmoja.
Fanya mwendelezo uwe wa kutumika mara moja tu. Weka alama "umetumika". Wa pili akija, rusha hitilafu. Lugha ya OCaml toleo la 5 inafanya hivyo. Ukishakuwa wa mara moja huna haja ya kunakili: gawa steki vipande, ukisimama tenga kipande cha sasa, ukiendelea kiunganishe tena. Watafiti Hieb, Dybvig na Bruggeman walieleza steki ya vipande mwaka 1990, na mwaka 1996 Bruggeman, Waddell na Dybvig wakaeleza mwendelezo wa mara moja.
Hiyo ya fremu zote kwenye hipu inafanya kazi, ila kila mwito wa funksheni utaomba kumbukumbu, na kwa simu ndogo ni mzigo. Na setjmp lazima itoke: ukishasimama, fremu ya C iliyoita setjmp imeshakufa, longjmp inarukia kaburini.

Mgebuka_wa_C: Nusu niliyoandika imeniuma kuiacha, nakiri. Nimeweka alama usiku huu. Nimelowesha kidole kwa mafuta ya mawese, nikabonyeza mara mbili: mara ya pili imesema "Umeshathibitisha" na mafuta yamekatwa mara moja. Jedwali nalianza kesho usiku. Asubuhi nakwenda mwaloni na tarehe zile mbili, na majina ya wavuvi wote waliokuwemo.

Mama_Mawese: Nenda mapema, kabla hawajatawanyika kwenda kushona nyavu.