Msaada wa haraka: sungura wangu kagoma kula

KihondaMoja: Wakuu, habari za jioni. Nina sungura dume mweupe, macho mekundu, binti yangu kampa jina Pamba. Tangu jana asubuhi hagusi kitu. Karoti anainusa, anageuza kichwa. Kajikunyata kwenye kona ya banda, macho nusu kafumba, anasaga meno. Kinyesi jana zilikuwa punje chache ngumu, leo hata hizo sizioni. Chakula ni kile kile na banda ni lile lile. Shida nini?

Mzee wa Nundu: Hapo vitunguu viwili na nazi moja, shida imeisha. Tuite tu.

Mama Wawili: Astaghfirullah, mtoto wa watu analia huko. Ila na wewe karoti za nini? Hizo ni za kwenye katuni. Sungura ni mnyama wa nyasi. Meno yake yanaota maisha yake yote, asipotafuna nyasi yanarefuka, yanamchoma ulimi na mashavu, anaogopa kula. Mfunue mdomo. Ya mbele utayaona, ya nyuma mpaka daktari.

Baba Mitamba: Mimi nilifuga Kibaha. Niliambiwa mahoteli yanagombania nyama, na mkojo wake unauzwa kama mbolea. Wakazaana mpaka nikaishiwa mabanda. Aliyeniuzia mbegu akiahidi kununua watoto, simu yake haipatikani mpaka leo. Nikahamia kuku. Sasa kuku nao…

Msaidizi wa Mifugo: Tuache utani kidogo. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake hautakiwi kusimama. Akipitisha nusu siku bila kula, hiyo ni dharura. Gesi inajaa, inamuuma, akiumwa hali, asipokula utumbo unazidi kulala. Kusaga meno hivyo ni maumivu. Umempa dawa yoyote?

KihondaMoja: Hakuna dawa ya maana.

Msaidizi wa Mifugo: Na isiyo ya maana?

KihondaMoja: Wiki iliyopita alikuwa anapiga chafya. Kulikuwa na amoksilini ya mtoto imebaki, ile ya maji. Namnywesha kidogo kwa bomba la sindano, asubuhi na jioni. Chafya zimekata, maana yake dawa inafanya kazi. Na dozi lazima imalizwe, hata hospitali wanatuambia hivyo. Mimi nimeuliza kuhusu hamu ya kula, sijauliza mafua.

Msaidizi wa Mifugo: Jibu lako ndilo hilo. Acha hiyo dawa sasa hivi. Amoksilini ya kunywa inaua bakteria wanaomsagia sungura chakula, wabaya wanabaki wanatamba na kutoa sumu. Anaweza kuharisha na kufa. Kama jina lako linasema kweli uko Morogoro, SUA, chuo kikuu cha kilimo, wana hospitali ya wanyama. Mguse tumbo taratibu: likiwa gumu kama mpira, usimlazimishe chakula. Nyasi kavu na maji viwe karibu yake, na asipigwe baridi.

Jicho la Tatu: Wakuu, hii chai, tena ya rangi. Mwezi jana huyu jamaa alifungua uzi analalamika kapanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki hata paka. Leo ana banda, binti na Pamba! Subirini, sasa hivi inatokea ID mpya na mitishamba na namba ya simu.

Mzee wa Nundu: Na mimi nilishakuna nazi.

KihondaMoja: Chumba ni cha kazini Dodoma, familia iko Kihonda. Picha hiyo hapo, na chupa pembeni.

Jicho la Tatu: Picha ya kuokota mtandaoni. Sikioni kuna nini, wino?

KihondaMoja: Binti kaandika P kwa kalamu ya bluu ili asichanganywe na wa jirani. Kaitafute hiyo mtandaoni.

Jicho la Tatu: Haya. Mpeleke basi.

KihondaMoja: Kesho asubuhi. Usiku huu nitampakia kwenye bodaboda gani? Halafu ya jioni nilishampa kabla hamjajibu, kidogo tu.

Msaidizi wa Mifugo: Alfajiri, si asubuhi. Na chupa nenda nayo, wataiulizia.

Mama Wawili: Tunasubiri mrejesho. Na karoti ziache kwa mwenye nazi.

Baba Mitamba: Mkuu, samahani, hilo banda kwenye picha fundi alikutoza shilingi ngapi?