Manati inanichezea: vidonge vitano, sehemu tano

Mlinzi wa Mpunga

Mwangaluka wakuu. Nipo Magu, nalinda mpunga wa familia, ekari tatu, upande unaoteremkia mto Simiyu. Mpunga umeanza kutia maziwa na ndege wa kwelea wamejua kabla yetu. Wanakuja alfajiri, jua likiwa kali wanapumzika, saa kumi wanarudi mpaka giza liingie.

Mwaka jana nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwaka huu nimetundika debe tupu kwenye mti mkavu katikati ya shamba, nami nakaa dunguni nalipiga kwa manati. Likilia, kundi zima linainuka. Kutoka dunguni hadi debe ni hatua 25, tuseme mita 20.

Mawe situmii. Baba alinikataza siku ya kwanza: jiwe likibaki shambani litapanda na mavuno mpaka mashineni, na mteja akiuma changarawe harudi tena. Kwa hiyo nafinyanga vidonge vya udongo wa kichuguu, naanika juu ya bati, vikikauka najaza kwenye mfuko. Kikikosa kinadondoka majini na kuyeyuka, kesi imekwisha.

Sasa shida yangu. Vidonge vitano, mkono uleule, nimesimama palepale. Cha kwanza kinagonga debe katikati, cha pili kinapita chini, cha tatu kinaruka juu kama kimetumwa Ukerewe. Kuna siku nagonga vinne kati ya vitano, nashuka dunguni kifua mbele. Kesho yake sigongi hata kimoja. Nimebadilisha panda, kutoka la mpera kwenda la mkwaju. Nimebadilisha mpira, kutoka tyubu ya baiskeli kwenda ya pikipiki. Nimebadilisha ngozi. Hali ni ileile. Mdogo wangu anasema kwelea wameniroga.

Kijana wa Kirumba

Si ufunge kamba kwenye debe ukae dunguni unavuta tu? Babu zetu walifanya hivyo.

Mlinzi wa Mpunga

Nilifunga. Kati ya dungu na debe kuna njia ya mbuzi, kamba ilikatika mara tatu wiki ya kwanza, na watoto wakitoka shule wanaivuta wao. Ndiyo nikaingia kwenye manati.

Fundi Baiskeli Igoma

Mkuu, tuanze na mpira, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hizo kamba mbili za mpira ulizikata kipande kimoja cha tyubu au kila moja na tyubu yake? Watu wengi wanakata moja karibu na valvu, pale pamewekewa unene, nyingine wanakata upande wa pili ambako mpira umeshalegea kwa kusuguana na tairi. Ukivuta, upande mmoja unakuja na nguvu na mwingine unasindikiza. Kidonge kitakwenda kushoto au kulia, hata ulenge namna gani.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze. Ining'inize kwenye kamba ya kwanza, weka alama ya kalamu ukutani pale ilipofika. Halafu kamba ya pili, chupa ileile, msumari uleule. Zikipishana upana wa kidole, tupa zote mbili ukate upya.

Jambo jingine, tyubu nyingi za siku hizi si mpira asilia, ni butili, mpira wa kutengenezwa kiwandani. Inatunza upepo vizuri sana, ndiyo maana wanaitumia, lakini kwenye kurudi ni mvivu, hasa kukiwa na ubaridi. Asubuhi na mchana hautapata nguvu sawa. Na ukiona nyufa ndogondogo kwenye mpira usiendelee kuvuta. Ukikatika unarudi usoni, nimeshaona jicho limevimba kama embe.

Mlinzi wa Mpunga

Fundi umenikamata. Moja niliikata mwezi wa pili, nyingine juzi. Nimepima kwa chupa, zimepishana vidole viwili. Nakata upya leo.

Msukuma Ughaibuni

Habari za nyumbani. Nimecheka peke yangu kwenye basi kwa sababu shida yako naijua kwa jina jingine. Mimi niko Marekani, na jirani yangu hapa ni mwindaji, anajaza risasi za bunduki mwenyewe sebuleni kwake. Huku inaruhusiwa. Huko kwetu silaha na risasi ni mambo ya kibali, kwa hiyo msinifuate kuuliza vipimo vya baruti, sitajibu.

Anachukua ganda lililokwisha kupigwa, anaweka fataki mpya, anapima baruti, anakaza kichwa cha risasi. Baruti anaipima kwa greni, na greni moja ni kama miligramu 65. Ni kitu chepesi sana, na bado anarudia kupima. Mwaka juzi risasi zake zilianza kutawanyika. Akabadilisha baruti, akabadilisha kichwa, akapima urefu wa maganda, wiki baada ya wiki. Mwishowe kumbe skrubu za darubini juu ya bunduki zimelegea. Alikasirika mpaka akaoka keki.

Wewe umefanya kosa lake. Umebadilisha panda, mpira na ngozi, na hakuna hata mara moja ulipobadilisha kimoja ukaacha vingine vilivyo. Hata kama kimojawapo kilikuwa dawa, usingejua. Halafu hujagusa risasi yako yenyewe, kidonge.

Fanya hivi. Nyuma ya debe tundika turubai la rangi iliyokolea, ili udongo uache vumbi pale kidonge kinapogonga. Piga vidonge kumi, usirekebishe kulenga katikati ya zoezi. Mkono wa kuvuta uishie palepale kila mara, mimi nilipokuwa mtoto nilikuwa nagusa pembe ya mdomo. Kisha tazama alama. Zikitawanyika kushoto na kulia, shughulika na mpira na jinsi unavyoachia. Zikipangana juu na chini, basi mwendo wa vidonge unatofautiana.

Hesabu yake ni hii, tukiacha ukinzani wa hewa. Kidonge kinachokwenda mita 40 kwa sekunde kinafika mita 20 kwa nusu sekunde, na katika muda huo kinashuka kama mita 1 na sentimita 22. Kikienda mita 36 kwa sekunde kinashuka mita 1 na nusu. Tofauti ya mwendo ni ndogo, hata kwa jicho huioni, lakini kwenye debe ni karibu sentimita 30. Debe lako lina kimo gani?

Na hakikisha nyuma ya turubai hapapiti mtu.

Mlinzi wa Mpunga

Debe lina kimo cha sentimita 35 hivi. Sasa naelewa kwa nini linanikwepa. Nyuma ni kichaka, hapapiti mtu.

Mama Vyungu

Mwanangu, mimi ni mfinyanzi wa Ukerewe, manati sijui lakini udongo naujua. Umesema unaanika juu ya bati. Bati la Magu saa saba mchana! Hapo nje kidonge kinakuwa kigumu na ndani bado kibichi. Kingine kinapasuka nyufa. Cha leo kizito, cha wiki iliyopita chepesi, na vyote viko mfuko mmoja. Hizo siku zako za bahati nadhani ulikuwa umeshika vidonge vya siku moja vilivyokauka sawasawa.

Udongo wa kichuguu ni mzuri, mchwa wameshakuchekechea. Uponde, utoe mizizi na vijiwe, uloweke usiku kucha, kisha uukande mpaka usishike kiganjani. Ukikanda vibaya unafungia upepo ndani. Anika kivulini juu ya gunia, geuza asubuhi na jioni, siku nne au tano. Kikiwa tayari, kiguse shavuni. Kama bado kinakupa ubaridi, kina maji.

Na usijaribu kuvichoma, najua utafikiria. Udongo ukishachomwa haurudi kuwa udongo, hautayeyuka majini. Utakuwa umepanda vigae kwenye mpunga wa baba yako.

Mlinzi wa Mpunga

Shikamoo mama. Kweli nilikuwa nimeshafikiria kuvichoma.

Kijana wa Kirumba

Hawa watu wa manati wana sayansi kuliko sisi wa chuo.

Mlinzi wa Mpunga

Wakuu nimerudi, imepita wiki moja na siku mbili.

Nilianza na mpira, kamba mbili kutoka kipande kimoja, upana uleule, chupa inazishusha sawa. Vidonge niliacha vya zamani makusudi, ili nimtii mtu wa Marekani. Turubai nikaazima kwa mwenye lori. Vidonge kumi. Alama za kushoto na kulia zikasogeleana, zote zikaingia kwenye upana wa mikono yangu miwili. Lakini juu na chini! Kutoka ya juu kabisa hadi ya chini kabisa ni zaidi ya mkono wangu mzima, begani hadi vidoleni.

Shemeji yangu ananunua dhahabu Geita, alipokuja Jumapili nikamwomba mizani yake, ile ndogo ya kwenye kasha. Akanitazama akidhani nimeokota kitu. Nilipomwaga vidonge vya udongo mezani alisikitika kabisa. Nikapima ishirini, kimoja kimoja, yeye anaandika. Chepesi kilikuwa gramu 6.1. Kizito gramu 10.4. Na kwa macho ningeapa viko sawa! Shemeji ndiye aliyenifafanulia, maana wao wanaishi kwa hayo mambo: kitu cha duara kikiongezeka upana kwa sehemu moja ya kumi tu, uzito unaongezeka karibu theluthi. Macho yanaona upana, hayaoni uzito.

Nikaenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 5, nikakata mdomo wa mbele kwa kisu cha moto likabaki kama mrija. Nalikandamiza kwenye udongo uliokandwa mpaka linajaa, nasawazisha kwa kidole gumba, nasukuma, kinatoka kipande kama soseji fupi, nakiviringisha kiganjani. Kimoja baada ya kingine hadi mia. Nimeanika chini ya kitanda juu ya gunia, mke wangu ana maoni yake. Siku ya tano nilivigusa shavuni, vikavu. Shemeji alikuwa ameshaondoka na mizani, nikavipeleka kwa sonara hapa mjini, naye kacheka bure bila malipo. Ishirini vya kwanza viko kati ya gramu 7.4 na 7.9.

Juzi asubuhi nimegonga debe mara nane kati ya kumi. Jana asubuhi tisa.

Jioni bado inanisumbua. Dungu linatazama mashariki na ziwa liko kushoto kwangu. Kuanzia saa tisa upepo wa ziwa unaingia na kidonge kinasukumwa kulia, wakati mwingine kiganja, wakati mwingine debe zima. Kwa sasa nalenga tawi lililo kushoto ya debe na kusubiri majani ya mpunga yatulie. Jana jioni nimegonga mara sita.

Fundi Baiskeli Igoma

Na ubadilishe mpira kabla ya mavuno. Usingoje ukatike.

Mlinzi wa Mpunga

Sawa fundi. Ngoja nipande dunguni, nasikia wameanza kule ng'ambo ya mto.