Naomba ushauri: mke wangu anatumia dawa ya thairoidi lakini hapati nafuu

Wakuu, habari zenu. Mke wangu aligundulika kuwa tezi ya thairoidi inafanya kazi chini ya kiwango. Anatumia levothairoksini ya maikrogramu 50. Kipimo cha juzi cha TSH (homoni inayoichochea tezi hiyo) kimesoma 14, yaani bado iko juu ya kawaida, na daktari kasema tu aendelee hivyo hivyo. Hivi kweli?

Baridi haimwachi hata na jua hili la Dodoma, mchana kweupe kajifunika kitenge. Nywele zinabaki kwenye kitana.

Kidonge anameza alfajiri kabla ya chai, ila anakiunganisha na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki nyingine. Je, ndivyo vinavyozuia dawa? Na bingwa wa homoni nampata hapahapa, au mpaka Muhimbili? Tunatumia NHIF. Mizizi msinitajie, tafadhali.