Tupeane uzoefu: Kumsemea mgonjwa wa akili asiye na uwezo, kuanzia serikali ya mtaa mpaka dirisha la dawa

Mwasiti (mwanzisha mada)
Wadau, uzi huu ni wa wote mnaofuatilia wagonjwa wa akili mitaani: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wasaidizi wa kisheria, watu wa misikitini na makanisani, majirani. Visa vya watu tuviache, ni siri zao. Tuweke njia: ofisi gani, karatasi gani, inakwama wapi.

Naanza na msamaha wa matibabu, yaani kutibiwa bila kulipa. Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 imeyaweka magonjwa ya akili kwenye kundi la magonjwa sugu yanayotibiwa kwa msamaha vituo vya serikali. Ila dirishani hakuna atakayekukumbusha. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, barua ipite kwa mtendaji, kisha mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye wa kumfanyia tathmini.

Barua nyingi zinakwama kwa sababu zimeandikwa "hana uwezo" zikaishia hapo. Omba iandikwe anaishi na nani, nani anamlisha, ana kazi au hana, anaumwa nini. Bila hivyo atahojiwa mgonjwa mwenyewe, pengine siku ambayo hawezi kujibu, na atarudishwa. Toeni nakala kabla ya kukabidhi, muende siku ya kazi asubuhi.

Nesi wa Kliniki
Mwasiti umesema kweli, lakini msamaha hauondoi nauli, wala haujazi kabati la dawa. Hapa ndipo wagonjwa wanapotupotea.

Akishatulia, muombe daktari barua ya kumrudisha kituo cha karibu na kwao. Iwe na jina la dawa, dozi, tarehe ya sindano ya mwisho na ya inayofuata. Mwenye sindano ya muda mrefu, kama flufenazini, kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo tarehe ikipotea, kila kitu kinavurugika. Halafu mpite kwa mtu wa dawa wa kituo KABLA ya siku ya dozi. Kituo huagiza dawa kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa. Kama hakuna mgonjwa wa akili hata mmoja kwenye rejista, hakuna kitakachoagizwa, na mgonjwa ataambiwa akanunue nje. Suluhisho ni wagonjwa wanne watano waandikishwe kituo kimoja na wahudhurie hapohapo. Rejista inasema kuliko malalamiko.

Jingine: mtu akiacha dawa msikimbilie kusema mkaidi. Dawa ya haloperido inaweza kukaza misuli, kupinda shingo, kumfanya asitulie miguu. Mwambieni daktari kwa maneno hayohayo, kuna dawa ya kupunguza hayo, na dozi inaweza kubadilishwa. Na wale wa kifafa, maana wengi wanahudumiwa kliniki hizihizi: dawa yao ya fenobabito haikatishwi ghafla. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua.

Msaidizi wa Sheria
Mawili ya upande wangu.

Ndugu anayemlisha mgonjwa hapati kwa hilo haki ya kuuza kiwanja chake. Usimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili hutolewa na mahakama, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inalieleza. Mkisikia mauziano yanaandaliwa, pelekeni pingamizi la maandishi kwa mwenyekiti na mtendaji mapema, wakatae kugonga muhuri. Baada ya muhuri kazi inakuwa ndefu mno.

La pili, aliyejaribu kujiua. Kwa Tanzania bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, ndiyo maana familia zinamficha badala ya kumpeleka hospitali. Mpelekeni! Akiwa na majeraha mtaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwa hiyo mmoja aende polisi kuifuata wakati wengine wako naye. Huduma ya dharura isisubiri karatasi.

Nyakwar Kisumu
Huku Kenya Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chetu cha kosa la kujaribu kujiua kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kadi ya baraza la watu wenye ulemavu pia inawafaa wagonjwa wa akili: unaanza na fomu ya tathmini hospitalini. Wengi hukosa kwa kudhani ulemavu ni wa viungo pekee. Chifu na mzee wa mtaa wajulishwe mapema.

Mama Ushirika
TASAF jamani, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kaya zinatajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Mgonjwa anayelala barazani kwa kaka yake hahesabiwi kuwa kaya, anayezurura hatajwi kabisa. Mwombeeni nafasi ya kutajwa kwa jina siku ile ya mkutano, mkiwa na watu wawili watatu wa kuthibitisha. Akishapita, swali linakuwa nani anapokea. Akiweza, apokee mwenyewe. Asipoweza, mwakilishi achaguliwe yeye akiwepo, na mtu wa tatu ajue kiasi kilichotoka na kilichonunuliwa.

Mkopo wa halmashauri ile asilimia 2 ya mapato inayotengewa wenye ulemavu ni mzuri, hauna riba, lakini mimi siungi mkono kumkimbiza mtu huko hajatulia na dawa. Deni litamrudisha kitandani.

Kijana wa Pongwe
Na yule aliyefungwa minyororo nyumbani? Tuite polisi?

Nesi wa Kliniki
Kama ana vidonda, hapewi chakula au anapigwa, ndiyo, ustawi na polisi siku hiyohiyo. Vinginevyo mdogo wangu, anza na familia. Waulize wanaogopa nini hasa: atapiga watu, atapotea, atachoma nyumba? Mlete mhudumu wa afya pale pale nyumbani, dawa ianze, mpangeni zamu ya kukaa naye usiku na mchana mpaka atulie, ndipo mnyororo utoke. Ukifunguliwa bila dawa na bila zamu, atafungwa tena mkishageuka. Na muongee na yeye, siyo juu yake. Muulizeni anataka nani amshike mkono siku ya kwenda kliniki.