Nimeitwa nishauri redio ya Kihispania California na sijui Kihispania, nianzie wapi?

NyarKibos (Kisumu)
Habari zenu wadau, naomba mawazo. Nimefanya redio hapa Kisumu miaka 9, stesheni ya Dholuo, nilianza kwa kushika simu za wasikilizaji mpaka nikawa prodyusa wa kipindi cha asubuhi. Sasa binamu yangu yuko California, anafanyia kazi mzee mmoja mwenye stesheni ya Kihispania, mji mdogo wa mashamba, na retingi zimeshuka mpaka wenye matangazo wameanza kuhama. Binamu akamweleza vile kipindi chetu kilipanda, mzee akasema nimtumie maoni, atalipa. Nimetumiwa rekodi za asubuhi tano.

Shida ni sielewi kitu zaidi ya gracias. Jana usiku nimekaa na hedifoni na kalamu, chenye naweza kushika ni muda tu. Jumatatu, saa moja kamili ya kwao inapogonga wanaingia matangazo dakika nane mfululizo, halafu wimbo, halafu watangazaji wawili wanacheka dakika sita na hakuna simu hata moja imeingia. Jina la stesheni nimelihesabu mara tatu lisaa lizima. Huko kucheka nakujua, hata sisi tulipitia, studio inafurahi na mama pale soko la Kibuye ameshazungusha kisahani zamani. Lakini naogopa kuharibia mtu biashara kwa lugha si yangu. Nikatae ama kuna njia?

Wa_Section58 (Nakuru)
Usikatae dada. Mimi nimenunua nafasi za matangazo kwa redio miaka mingi na swali la kwanza ni wanapimwa aje, kabla hata ya nyimbo. Kule Marekani anayepima ni Nielsen, ndio walinunua Arbitron, kampuni iliyokuwa inapima redio, 2013. Miji mikubwa wanatumia PPM, kamashine kadogo mtu anatembea nako, kanashika alama ya siri imefichwa ndani ya sauti ya redio, yeye haandiki chochote. Miji midogo wengi bado ni daftari la siku saba, linaanza Alhamisi linaisha Jumatano, mtu anajaza mwenyewe alisikiza nini na saa ngapi. Sasa kama mji ni wa daftari na jina linatajwa mara tatu kwa lisaa, huyo mzee ana wasikilizaji ambao hawaandikwi kwake! Ni kama hapa kwetu mtu akipigiwa simu aulizwe jana ulisikiza nini, anataja jina lenye liko kichwani.

Kingine, kwa daftari mtu akisikiza dakika tano ndani ya robo saa anahesabiwa robo yote. Matangazo ya dakika nane yakianzia saa kamili, anayetoroka ameenda na robo nzima. Yaanze kama dakika ya ishirini, mtu aliyekuwepo tangu kumi na tano ameshahesabiwa. Hiyo haihitaji Kihispania.

Omwana_wa_Kanduyi (Bungoma)
Ndugu wa Nakuru ameongea poa lakini saa peke yake haitoshi, nimekuwa mtangazaji wa Kiluhya na ninajua. Ukiongea Kibukusu, lahaja moja tu ya Kiluhya, asubuhi yote mtu wa Vihiga anakuachia redio yako. Na hao wa Kihispania ni hivyo hivyo, Mmexico wa shambani anataka muziki wa kwao wa banda na norteña, mtu wa Dominican ni muziki wa bachata, ukiwachanganya ovyo unapoteza wote. Tena kuna wale wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, ambao lugha ya nyumbani ni Kimixteco, Kihispania wamejifunza tu. Pale Fresno kuna Radio Bilingüe, iko hewani tangu 1980, mwanzilishi wake Hugo Morales ni Mmixteco na wana kipindi cha lugha hiyo. Kwa hivyo uliza kwanza, wanaosikiza hiyo stesheni wametoka wapi? Na utafute mmoja wao mkae naye kwa simu akutafsirie huku rekodi inacheza. Usimtafute wa ofisini, tafuta anayeamka kwenda kazi.

Mama_Tabby (Houston, nyumbani ni Ahero)
Nyamera (dada yangu) hongera sana. Mimi nimeosha vyombo jikoni ya hoteli huku miaka mitatu na Wamexico, redio ilikuwa kwa shelfu juu ya sinki imefungwa na nailoni isiingie maji. Nyimbo zilikuwa zinapita tu watu wakipiga stori. Lakini wakili wa mambo ya uhamiaji akiingia kujibu simu, kuna mama mmoja alikuwa anazima ile mashine ya vyombo, na supavaisa hasemi kitu kwa sababu pia yeye anasikiza. Hawa watu redio ni ya kuwasaidia. 2006 wale watangazaji wa Los Angeles kina Piolín waliambia watu watoke kuandamana kutetea wahamiaji, wavae nyeupe na wabebe bendera za Marekani, na watu walijaa barabarani malaki. Kwa hivyo skia kama kwa hizo asubuhi tano kuna mtu hata mmoja amesaidiwa na jambo.

NyarKibos (Kisumu)
Mama Tabby umenigusa. Hiyo ya kuzima mashine ni matangazo ya vifo yetu kabisa, nyanya yangu alikuwa anazimisha hata watoto.

Nimeuliza, ni daftari kweli. Na binamu amenipatia jirani yake anachuma zabibu, ametoka Oaxaca, tumeongea jana binamu akitafsiri. Nilimuuliza tu kwa nini hasikizi hiyo stesheni asubuhi. Akasema kipindi kinaanza saa kumi na mbili na yeye saa kumi na moja ashaingia kwa van, dereva amefungua nyingine na hakuna wa kumbadilishia. Rekodi zote tano zinaanza saa kumi na mbili! Nimewaandikia hiyo kwanza kabla ya kitu kingine.

Sasa niambieni, nilipishe kwa ripoti ama kwa mwezi?

Wa_Section58 (Nakuru)
Kwa mwezi, na usikubali chini ya mitatu. Wakisogeza kipindi leo, madaftari hayataonyesha kitu wiki ijayo.