Nitajuaje kwamba tunda au mboga imefika msimu wake hapa Dar es Salaam?

Mama Pacha, Tabata

Ndugu zangu, nawasalimu. Nilizaliwa na kukulia Mafinga, na kwetu hakuna aliyehitaji kuuliza ni msimu wa kitu gani, kwa sababu kilichokuwa shambani ndicho kilichopikwa, na ambacho hakijakomaa hakikuonekana hata sokoni. Tangu nihamie Dar es Salaam miaka minne iliyopita, elimu hiyo imenipotea. Hapa karibu kila kitu kipo mwaka mzima, kwa bei zinazopanda na kushuka bila mimi kuelewa sababu.

Septemba nilinunua maembe sita katika duka moja kubwa. Yalikuwa manjano matupu, yote yamefanana, lakini nilipoyakata nilikuta nyama ngumu, nyeupe karibu na kokwa, chachu, na isiyo na harufu yoyote ya embe. Kabla ya hapo, mwezi Julai, nilikataa machungwa ya mama wa genge letu kwa kuwa yalikuwa ya kijani. Jirani aliyeyanunua akanionjesha, nami nikajuta, maana sijala chungwa tamu kama lile mwaka huu.

Tuko watu sita nyumbani na fedha ya chakula huingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila kosa la namna hii linaumiza. Naomba mnifundishe jinsi ya kutambua kitu kilicho katika msimu wake, na pia mnishauri kama ni heri kwenda masoko makubwa ya Ilala na Mabibo au kuendelea kununua gengeni.

Mchuuzi wa Zamani, Ilala

Mwanangu, nimefanya biashara ya matunda kwa miaka 23, nikifuata mzigo Muheza, Kiwangwa na Mkuranga na kuushusha hapa mjini, hivyo swali lako ni la moyoni mwangu.

Jambo la kwanza ni kuuliza tunda limetoka wapi, kabla hata hujauliza bei. Dar es Salaam hailimi kiasi cha kujilisha, na msimu unaouona hapa ni msimu wa mahali pengine uliosafiri kwa Fuso usiku kucha. Nchi yetu ina pwani yenye joto, na ina milima kama ya Lushoto, mji ulioko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kabichi na karoti hustawi huku kwetu zikinyauka. Parachichi za Rungwe, za Njombe na za Kilimanjaro hazivunwi mwezi mmoja, ndiyo maana unaziona muda mrefu namna ile. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Muuzaji anayeujua mzigo wake atakutajia kijiji. Asiyejua atakwambia “limetoka shamba”, na hapo una haki ya kusita.

Jambo la pili ni kutofautisha tunda pevu na tunda bivu, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wa mjini wanapoumia. Embe pevu ni lile lililokomaa juu ya mti: mabega yake yamejaa na kuinuka pembeni mwa kikonyo, na ukilishika unaliona zito kuliko ulivyotarajia. Hilo hata likiwa gumu na la kijani, ukilivundika nyumbani litaiva na kunukia. Embe changa lina mabega yaliyolala, na ukilivundika litabadilika rangi na kusinyaa bila kupata utamu wake. Maembe uliyonunua Septemba, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yalichumwa machanga kisha yakalazimishwa. Wako wanaotumia kabaidi, ambayo ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo hugeuza ganda kuwa manjano upesi huku nyama ikibaki nyuma. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, kwa hiyo hasara haiishii kwenye ladha. Embe lisilo na harufu karibu na kikonyo, lenye rangi moja kuanzia juu hadi chini na linalofanana na wenzake wote kwenye tenga, liache hapo lilipo.

Tena ujue kwamba si kila tunda linaweza kumalizia kuiva nyumbani. Embe, ndizi, papai, parachichi na stafeli huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo unaweza kununua magumu na mabivu pamoja ili usiyale yote siku moja. Nanasi, chungwa na zabibu haziongezi utamu zikishakatwa. Nanasi ulilonunua likiwa chachu litabaki chachu hata ukiliweka juma zima. Litalainika tu na kuanza kuharibika.

Kuhusu machungwa ya kijani, usijilaumu. Chungwa hugeuka rangi linapopata usiku wa baridi, na pwani yetu haina baridi ya kutosha, kwa hiyo chungwa letu huiva ndani huku ganda likiwa bado kijani. Pima uzito wake mkononi na utazame ganda: likiwa laini, jembamba na zito, lina maji.

Mwisho, kuna alama ambayo haijawahi kunidanganya. Tunda likifika msimu wake halijifichi. Utaliona kwenye mikokoteni, kwenye mabeseni ya akina mama vituoni na juu ya viroba vilivyotandikwa barabarani, na kabla bei haijashuka, fungu ndilo litakaloanza kukua: jana embe tatu, leo nne, juma lijalo tano kwa bei ileile. Fungu linapokua kwa wauzaji wote wa mtaa, ndipo ununue. Ila nakuomba, na wengine wote wanaosoma hapa, msibonyeze kila tunda kwa kidole gumba. Hilo unaloliacha baada ya kulibonyeza litaoza usiku uleule, na hasara itamwangukia mama wa watu.

Mkulima wa Muheza

Naongezea kwa upande wa shamba. Machungwa yetu hukolea kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, na katika miezi hiyo malori ya wanunuzi hutoka Dar es Salaam na hata Kenya. Mtu wa mjini akisikia bei imeshuka hufurahi, lakini huku bei hiyo ikishuka sana machungwa mengine huachwa chini ya miti kwa kuwa gharama ya kuyachuma na kuyasafirisha inazidi atakachopata mwenye shamba. Kwa hiyo dada yangu, unaponunua kwa wingi katikati ya msimu hujamnyonya mtu. Umetusaidia kuliko yule anayetafuta chungwa mwezi wa tatu kwa bei yoyote.

Kama mnaweza kuchangishana majirani watatu au wanne mkanunua kiroba kizima kisha mkagawana, fanyeni hivyo. Lakini msishabikie lumbesa. Gunia lililoongezewa kichwa cha kofia na kushonwa kwa kamba huonekana ni neema kwa mnunuzi, na huku shambani ndilo linalotupokonya jasho letu, maana tunalipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Sheria ya vipimo imelikataza, na bado tunaliona kila msimu. Mzigo upimwe kwa kilo, kila mtu apate haki yake.

Bustani ya Kigamboni

Wenzangu wamezungumzia matunda, nami nilime kwenye mboga, ambazo ndizo chakula cha kila siku.

Mchicha hukaa shambani majuma matatu au manne tu, kwa hiyo watu hudhani hauna msimu. Unao, ila msimu wake hutawaliwa na maji. Masika yakizidi, kuanzia Machi hadi Mei, bustani za mabondeni hufurika, miche husombwa, na fungu la mchicha hubaki kama kishada cha maua huku bei ikiwa palepale. Miezi hiyo mimi hutulia na kisamvu, matembele na majani ya kunde, ambayo mvua huyanenepesha badala ya kuyaharibu. Mpikie mumeo na watoto kisamvu kilichotwangwa vizuri, kikachemka hadi kikaiva kabisa, kisha kikaungwa kwa karanga au tui la nazi, na hakuna atakayeuliza mchicha uko wapi. Nyakati za ukame, mboga za kumwagilia zinaporudi kwa wingi, ulizia bustani inamwagiliwa maji gani, hasa kwa mboga zinazotoka kando ya Msimbazi, maana mto ule hupokea maji machafu ya mji.

Nyanya ndiyo inayowatesa akina mama wengi. Mvua nyingi huleta magonjwa ya ukungu, majani yanakauka, tunda linapata mabaka, na mkulima analazimika kupulizia dawa mara kwa mara. Ndiyo sababu wakati wa masika nyanya huwa chache, ghali na laini. Kipupwe kikishaingia na mvua zikatulia, nyanya za Ilula na kwingineko Iringa hushuka kwa matenga. Sioni sababu ya kununua nyanya mbovu kwa bei ya nyama. Watu wa pwani walikuwa na mchuzi kabla nyanya haijawa ya lazima: samaki hupikwa kwa ukwaju, kwa ndimu au kwa embe bichi lililokatwa vipande, na ladha yake haina upungufu. Ndugu zetu wa Dodoma nao hukausha mlenda na majani mengine mvua zinapokuwa nyingi, wakala miezi ya kiangazi, nasi wa mjini tunaweza kununua mboga hizo kavu na kuzitunza.

Kitunguu ndicho cha kuwekeza fedha ya mwisho wa mwezi. Vile vya Ruaha Mbuyuni na vya Mang'ola, kule karibu na Ziwa Eyasi, hulimwa kwa umwagiliaji na kuvunwa kwa wingi miezi ya kiangazi. Chagua chenye shingo nyembamba iliyokauka na ganda linalochakarisha, ukitundike mahali penye hewa, mbali na viazi, kwa kuwa vikikaa pamoja huharibiana.

Jirani wa Genge, Mabibo

Naheshimu yaliyosemwa, ila kwa swali lako la masoko makubwa au genge, mimi sioni kwamba lazima mtu aende soko kubwa. Mimi ninaishi karibu na soko la Mabibo, na nimewaona watu wakitoka mbali kufuata bei ya jumla, wakanunua tenga zima, kisha baada ya siku tatu wakamwaga robo yake. Ukijumlisha nauli, ujira wa mbeba mzigo na vilivyooza, faida huwa ndogo sana kwa nyumba ya watu sita. Mama wa genge anayekufahamu atakwambia mwenyewe, “Mama Pacha, nanasi za leo usichukue, subiri mzigo wa kesho,” na ushauri huo una thamani yake. Soko kubwa liwe la vitu vinavyokaa, yaani vitunguu, viazi, nazi na ndizi mbichi. Mboga za majani na matunda mabivu yabaki gengeni, kila siku kwa kiasi chake.

Mama Pacha, Tabata

Nawashukuru sana nyote, na kwako Mchuuzi wa Zamani, shikamoo. Jumamosi tulikwenda Ilala majirani watatu. Nilimuuliza muuzaji wa kwanza maembe yake yametoka wapi, akanijibu “shamba”, nikaondoka kwa adabu. Wa pili alinitajia Mkuranga, akaniambia yalichumwa juzi, na akanionyesha mwenyewe mabega yaliyojaa bila mimi kuomba. Tulichukua tenga moja tukagawana, na mengine yalikuwa yameshaanza kunukia mlangoni kabla hatujayapanga. Machungwa nimeyaacha hadi Juni, na vitunguu nimevitundika kwenye kikapu dirishani. Kwa mboga za majani nimerudi gengeni, kama alivyoshauri jirani wa Mabibo, nami nimemwomba msamaha mama wa genge kwa kuyadharau machungwa yake.

Nimebakiwa na swali moja. Maembe 12 bado ni magumu kabisa, na jokofu langu lina nafasi. Je, niyaweke humo yasiharibike?

Mchuuzi wa Zamani, Ilala

Marahaba, mwanangu. Usiyaweke kwenye jokofu yakiwa magumu, kwa sababu baridi hulizuia embe kuiva na hulifanya liwe na mabaka na nyama isiyo na ladha. Yafunike kwa gunia kavu au yaweke ndani ya debe la mchele, kikonyo kikitazama chini, na uyakague kila asubuhi. Kama una ndizi mbivu, weka moja katikati yake, maana hewa inayotoka kwenye ndizi huyaharakisha. Embe likishanukia na kulegea kidogo karibu na kikonyo, hapo ndipo unaweza kulitia jokofuni, na ulile ndani ya siku mbili au tatu.